Likizo hii nataka kulala hemani na watoto wadogo: Mikumi, Saadani au Mbudya? Na kwa nini watu wa Dar hatufanyi haya mambo?

#1 Baba Watatu
Habari wakuu.

Shule zimefungwa na televisheni nyumbani haizimwi. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 8, wa pili 4, wa mwisho mwaka mmoja na nusu. Safari hii sitaki kuwapakia basi la kwenda kwa bibi yao Korogwe halafu mimi nibaki mjini. Nataka twende wote, tulale kwenye hema, waone wanyama, waote moto. Wiki ya kwanza ya Julai, siku tatu au nne.

Gari ni Toyota IST, dogo tu. Hema kuna jamaa ameniahidi kuniazima. Nimewaza Mikumi au Saadani, na mambo yakibana basi tuvuke tu kisiwani Mbudya.

Shida iko nyumbani. Nilipomgusia mama watoto akaniangalia akasema, "Yaani tutoe hela tukalale chini, na kitanda tunacho?" Kazini nako nimeuliza, idara nzima hakuna aliyewahi kulala hemani na familia yake, na wengine wamezaliwa na kukulia hapahapa. Sasa nauliza mawili: niende wapi na hawa wadogo? Na kwa nini sisi hatufanyi, wakati kiingilio kwa Mtanzania ni cha kutupwa?

Nawasilisha.

#2 Kisamvu
Shemeji ana hoja. Mimi nimekaa paleee.

#3 Mzee wa Kariakoo
Sababu ni moja tu. Mtu wa Dar akipata siku nne na nauli, anakwenda kwao. Mama yupo Kilosa anakohoa, kuna shamba halijapaliliwa, kuna msiba ulikupita mwezi wa tatu hukwenda. Sasa wewe upite Chalinze na gari limejaa watoto, mama mkwe yuko Korogwe hajawaona wajukuu tangu mwaka jana, unakwenda kuwaonyesha nyani? Akisikia utamweleza nini? Likizo yetu ina wenyewe.

#4 Mama K wa Tabata
Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Watu wa Dar wanakwenda Zanzibar kila sikukuu na mama mkwe haulizi. Sababu ni vyombo. Hema la watu watano, magodoro, jiko, mtungi mdogo, deli la barafu, taa, viti. Ukivinunua vyote kwa safari moja, bora ulale lodji yenye kifungua kinywa. Wenzetu wanavyo stoo miaka na miaka, baba alimwachia mtoto.

#5 Dereva wa Semi
Mimi napita Mikumi karibu kila wiki. Barabara kuu inaikata hifadhi kama kilomita 50. Kama shida ni kuona wanyama, panda basi la Iringa, kaa dirishani, umemaliza: twiga, pundamilia, swala, tembo, siku nyingine nyati. Bure kabisa.

Kwa unayeendesha mwenyewe, heshimu vibao vya mwendo. Kuna ubao wa faini, kila mnyama na bei yake, tena kwa dola. Ukigonga twiga utauza IST na bado utadaiwa.

#6 Kisamvu
@Dereva wa Semi umetuokolea familia. Basi la Iringa, mahindi ya kuchoma dirishani Chalinze, likizo imeisha.

#7 Porini Kwetu
Baba Watatu, wapuuze hao. Mikumi nimelala hemani na watoto, mdogo akiwa hajafika miaka mitatu. Nikupe ilivyo.

Toka Dar alfajiri, saa kumi na moja uwe umeshapita Kimara. Ukisubiri kuche, foleni ya mpaka Kibaha itawachosha watoto kabla safari haijaanza. Chai mnywe Morogoro, wakimbie kidogo. Ukishapita Doma unaingia eneo la hifadhi, geti kuu la Kikoboga liko palepale pembeni mwa barabara.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitumii: kibali ni cha saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia saa nane mchana, unazunguka jioni, unalala, unazunguka asubuhi, unatoka kabla ya saa nane. Kibali kimoja, mizunguko miwili, yote katika saa ambazo wanyama wanatembea. Anayeingia saa nne asubuhi akazunguka juani na kurudi zake analipa kilekile na kuona swala waliolala kivulini. Kwa hiyo mchana msiwe na haraka, watoto wale na kulala Morogoro.

Mzunguko usizidi saa mbili. Tambarare ya Mkata ina nyasi fupi, hata mtoto anaona mwenyewe bila kuinuliwa. Malizia bwawa la viboko, pale mnaweza kushuka garini mkanyoosha miguu. Baada ya hapo rudini, hata kama mtu mzima amesikia kuna simba upande wa pili. Mtoto wa miaka minne aliyechoka hajali simba.

Kambi. Hili mwambie mkeo mapema, mkiwa bado Dar: haina uzio. Fisi mtawasikia, simba pengine mtamsikia kwa mbali. Hema likifungwa vizuri wanyama hawana shida nalo. Anayejitafutia balaa ni anayetoka nje usiku. Kwa hiyo beba poti la watoto, liingie hemani, na wakubwa wawe na ndoo yenye mfuniko. Viatu viingie ndani pia, fisi anaokota kiatu na kuondoka nacho. Chakula chote kiwe garini, vioo juu, mpaka biskuti iliyo mfukoni mwa mtoto. Nyani na tumbili ni wezi wa mchana, ukigeuka kuchukua kisu mkate umeshapanda mti.

Hema lisimame kabla ya saa kumi na mbili jioni, giza likishaingia kamba hamtaziona. Kuni usiokote humo ndani, pikia gesi. Na beba mablanketi, watu wanasahau kwamba Julai kule usiku kuna baridi.

Sisi watoto walilala fofofo, waliokesha ni wazazi. Usiku wa manane kitu kikaanza kung'oa majani karibu kabisa na hema, kinang'oa, kinatafuna, kinanyamaza, unasikia tumbo linavyounguruma. Mama yao alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Asubuhi tukakuta kinyesi cha tembo hatua chache kutoka kwenye tairi la nyuma. Watoto walikizunguka muda mrefu wanakichokoa kwa vijiti kutafuta mbegu. Twiga wameshawasahau, kinyesi wanakisimulia mpaka leo.

Kiingilio kwa Mtanzania mtu mzima ni 5,000, mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000, chini ya hapo bure. Wawili wako wanaingia bure.

#8 Mhasibu Ilala
Hiyo 5,000 ni kabla ya VAT. Weka asilimia 18, inakuwa 5,900 kwa mkubwa na 2,360 kwa mtoto. Kambi inalipiwa pembeni, gari nalo pembeni kwa uzito wake. Na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, wewe unasafiri wiki hiyohiyo. Piga hesabu kwa tarifa ya wakati huo, usitumie ya kwenye huu uzi.

#9 Porini Kwetu
Sawa mhasibu, umenikamata.

#10 Baba Watatu
@Porini Kwetu ubarikiwe sana. Hiyo ya poti sikuiwaza kabisa. Hiyo ya tembo sijui kama nitamsomea mama watoto au niiruke.

#11 Mama K wa Tabata
Iruke. 😂

#12 Nesi wa Zamu
Naomba niseme la afya, maana wote mmeongelea simba. Mnyama wa kumwogopa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mbu. Mikumi na Saadani ni nyanda za chini, malaria ipo. Chandarua kiingie hemani hata kama hema lina wavu, kwa sababu zipu itafunguliwa na kufungwa jioni nzima. Jua likianza kuzama wavalishwe mikono mirefu na soksi, na dawa ya kupaka iwe inayoruhusiwa kwa umri wake, soma chupa. Mkisharudi, mtoto akichemka mwili hata baada ya wiki mbili, mpeleke akapimwe na useme mlitoka wapi. Msianze kumpa mseto wa kubahatisha.

Na mbung'o. Wanapenda bluu na nyeusi. Hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wavisheni kaki au rangi ya udongo, jinzi ziacheni nyumbani.

#13 Kijana wa Mbagala
Nesi unatisha watu. Mtoto aliyezaliwa Mbagala ana kinga ya kudumu. Mbu wa kwetu wanapiga hodi.

#14 Nesi wa Zamu
@Kijana wa Mbagala kinga ya malaria inajengwa taratibu kwa kuumwa na kuumwa tena, na chini ya miaka mitano bado haijakaa. Ndio maana wodini ninaowapokea wamezidiwa ni wa umri huo. Wewe ukiumwa utatetemeka, yeye anaweza kuishiwa damu.

#15 Kijana wa Mbagala
Nimekaa chini, dada.

#16 Mtu wa Feri
Kuhusu Mbudya. Watu wanaitaja kama mpango wa akiba kwa sababu iko karibu, lakini Julai ni kusi. Upepo unapiga, mawimbi yanaingia kwenye boti, mtoto wa mwaka na nusu atafika ameloa chapachapa. Kisiwani hakuna maji baridi, kila tone la kunywa na kuoga mnabeba. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kwa hiyo kuna ada yake na konokono wa baharini hamwokoti.

#17 Nahodha Kunduchi
Mtu wa Feri unaongea kama uko Mafia. Kunduchi na Mbudya ni pua na mdomo. Kusi lipo, lakini alfajiri mpaka saa tatu, nne, bahari imelala. Ukivuka mapema na kurudi kesho yake mapema hupati hata tone. Wanaoloa ni wanaoamka saa nne, wanapakia spika na makreti, wanavuka saa saba.

Mchanga mweupe, mibuyu, samaki wa kukaanga, hakuna fisi. Kwa mtoto wa miaka minne unataka nini kingine? Hakikisha tu maboya ya watoto yapo na yanamkaa mtoto. La mtu mzima linamtoka kichwani.

#18 Mtu wa Feri
Kwa hiyo wewe kila siku ya Julai unavuka saa moja asubuhi bahari shwari? Siku zile boti zinazuiwa kabisa huwa umelala?

#19 Nahodha Kunduchi
Zikizuiwa si hatuvuki? Ndio maana tunapigiana simu usiku.

#20 Bint Usambara
Mbona Lushoto hamuitaji? Mama mkwe yuko Korogwe, Mombo ni hapo mbele kidogo tu. Unalala kwa bibi siku moja, watoto wanaonekana, Mzee wa Kariakoo anafurahi, kesho yake unapanda mlima. Kuna sehemu za kupiga hema karibu na Irente na upande wa Magamba msituni. Hakuna simba, mbu ni wachache, watoto wanatembea kwa miguu badala ya kufungiwa garini. Wataona mbega juu ya miti na kinyonga kwenye kila kichaka. Ukisimama Irente unaiona nyika yote ya Wamasai chini yako.

Baridi tu. Julai Lushoto si ya kuvaa kanga moja.

#21 Dereva wa Semi
Kilomita 33 za Mombo kupanda Lushoto na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Beba mifuko ya kutapikia.

#22 Mama K wa Tabata
Kipande cha ndimu anusie, na asile maziwa asubuhi. Wangu hatapiki.

#23 Mzee wa Kariakoo
Ndimu haifanyi kitu. Mtoto akae katikati aone mbele, ugonjwa wa gari unazidi mtu akitazama vitu vya pembeni vinavyokimbia.

#24 Kijana wa Mbagala
Kwetu tulikuwa tunakalishwa juu ya gazeti.

#25 Kisamvu
Gazeti linafanya kazi, nathibitisha. Hakuna anayejua kwa nini.

#26 Mama Pacha Goba
Nimesoma wote, mnazunguka. Ngoja niwaambie kwa nini mke wa mleta uzi hataki, na kwa nini familia nyingi za Dar hazilali hemani.

Nyumbani nina bomba, friji, jiko la sahani mbili, na dada wa kazi. Nikiwa na mtoto wa mwaka na nusu, hivyo vyote ndivyo vinavyoniwezesha kupumua. Sasa baba anasema twende tukafurahi. Kule uji wa mtoto nitaukorogea kwenye jiko la gesi lililo chini, upepo unapiga, mtoto anatambaa kuelekea kwenye moto. Pampasi chafu zinawekwa wapi kama hamna pa kutupa? Nani anaosha sufuria gizani? Nani anaamka mtoto akilia saa nane usiku, na kila mtu anaogopa asisikiwe na simba? Baba amekaa kwenye kiti cha kukunja anatafuta mtandao ili apandishe picha ya machweo.

Si hofu ya wanyama, Mzee wa Kariakoo, na si bibi. Kwa mama, hema ni kazi zilezile bila vifaa. Akina baba wenye mawazo haya waseme kwanza nani anapika na nani anabadilisha nepi. Baada ya hapo tutajadili Mikumi au Saadani.

#27 Mama K wa Tabata
Mama Pacha, funga uzi.

#28 Baba Watatu
Sijafika kwenye mambo ya picha bado, jamani. Lakini nimeelewa. Napika mimi, tena nimeshamwambia. Amesema anataka kwanza anione nikipika ugali wa watu watano kwenye mtungi mdogo, hapahapa uani, ndipo aamini.

#29 Kisamvu
Tuliingia kwa Mikumi, tumetokea semina ya ndoa.

#30 Mwalimu Mstaafu
Nami nina langu. Kizazi chetu tulilala kwenye mahema sana: skauti, JKT, mashamba ya shule. Sijasikia mtu aliyeogopa. Lakini tulilazwa, hatukuchagua. Kwa hiyo mtu aliyefanikiwa hataki kurudi huko. Hema kwa mtu wa rika langu ni jeshi, au mafuriko ya Jangwani, au wakimbizi Kigoma. Ukimwambia alipie, anaona umemtukana.

Na kwa vijana, likizo yenyewe iko wapi? Mtoto wa darasa la nne na la saba amefunga shule Ijumaa, Jumatatu yuko twisheni.

#31 Porini Kwetu
Shikamoo Mwalimu. Mimi nakataa kidogo. Vijana wa siku hizi wanalala hemani sana, nenda Kigamboni au Pugu wikiendi uone, wana spika na nyama choma. Wasiolala ni wenye watoto wadogo. Mambo ya JKT hayawezi kueleza hilo.

#32 Mama Pacha Goba
Nimeshaeleza hilo namba 26.

#33 Mhasibu Ilala
Mimi naona ni matangazo tu. Nikiangalia tangazo lolote la hifadhi, naona wageni wawili wazee kwenye gari lisilo na paa wanakunywa mvinyo. Hakuna picha ya familia ya Tabata na sufuria ya pilau. Mtu hajui hata kama anaruhusiwa kuingia na gari lake.

#34 Kijana wa Mbagala
Kwani unaruhusiwa?? Nilidhani lazima ukodi yale magari ya kaki.

#35 Porini Kwetu
Umeona? @Mhasibu pointi yako hiyo hapo. Unaruhusiwa, gari lako, mwenyewe usukani. Ukitaka mwongozaji unaomba getini, unamlipia.

#36 Mtu wa Pwani
Saadani mmeiruka. Ndiyo hifadhi ya taifa ya zamani kuliko zote na ni pekee Tanzania Bara inayogusa bahari. Asubuhi unaangalia kuro na twiga, mchana watoto wanacheza mchangani. Bagamoyo njiani unapita magofu ya Kaole na ile misheni ulikolazwa mwili wa Livingstone kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mtoto wa miaka 8 hayo atayakumbuka.

#37 Mwalimu Mstaafu
La bahari ni kweli, la uzee si kweli. Saadani ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, hifadhi ya taifa imekuwa 2005. Mikumi ni ya 1964. Serengeti ilitangulia zote.

#38 Mtu wa Pwani
Ahsante Mwalimu, lakini bahari tumekubaliana.

#39 Dereva wa Semi
Saadani udongo wake mvua ikinyesha ni gundi. Julai ni pakavu, sawa. Ila IST?

#40 Bodaboda Mstaarabu
IST Mikumi inaingia. Nimeziona kwa macho yangu.

#41 Fundi Gerezani
Inaingia, inatokaje? Chini iko karibu na ardhi mno. Nimeshabadilisha sampu ya mtu aliyetoka huko, jiwe moja tu lilitosha.

#42 Porini Kwetu
Kiangazi njia kuu za Mkata zinapitika kwa gari dogo ukienda polepole na kuuliza getini zipi zimechongwa. Vichochoro vya pembeni achana navyo.

#43 Fundi Gerezani
Na watu watano, hema, mtungi, deli, ndoo yenye mfuniko, poti. Umeshusha gari sentimita ngapi hapo?

#44 Kijana wa Mbagala
Poti halina uzito fundi.

#45 Abiria wa Mwendokasi
Mbona msiende na treni? SGR mpaka Morogoro tangu Juni 2024, watoto wanafika wabichi, hakuna foleni ya Kimara. Pale mnakodi gari lililo juu mnaenda Mikumi. Wangu waliipenda treni kuliko tembo.

#46 Mzee wa Kariakoo
Treni ya kweli ni TAZARA. Inapita ndani ya hifadhi ya Nyerere, mnaona wanyama kwa dirisha la behewa mkiwa mnakula wali kuku. Tumesafiri nayo na watoto wakiwa wadogo, tembo wamesimama karibu na reli wanatutazama.

#47 Abiria wa Mwendokasi
Mzee, treni hiyo inaondoka saa ngapi?

#48 Mzee wa Kariakoo
Inaondoka ikiondoka.

#49 Bint Usambara
😂😂

#50 Mama wa Mang'ula
Mtoa mada, kuna Udzungwa na hakuna aliyeitaja. Ukifika mji wa Mikumi unakata kushoto, njia ya Kidatu, unafika Mang'ula. Hamna barabara za magari ndani, ni kutembea kwa miguu, kwa hiyo habari ya IST inaishia getini. Maporomoko ya Sanje ni mita 170, ila kwa miguu midogo usijaribu, kupanda ni nusu siku. Kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, mtoto wa miaka minne anafika kwa miguu yake kama hamna haraka, na wa mgongoni anabebwa kwa kanga. Mbega wekundu wako kila mahali. Sanje kuna aina ya nyani ambayo dunia nzima inapatikana Udzungwa tu.

#51 Nesi wa Zamu
Kwa huyo mdogo hii naipenda kuliko Mikumi. Chandarua bado ni lazima.

#52 Porini Kwetu
Ni pazuri, sibishi. Lakini wa miaka 8 ameahidiwa tembo. Mang'ula atasubiri sana.

#53 Mama Pacha Goba
Ushauri wangu wa kweli, maana nimewasema sana. Kabla ya yote hayo, laleni usiku mmoja Pugu, msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe hapo. Mtoto akiwaka homa au mama akichoka, mko karibu na nyumbani. Mtajua hema linavuja wapi, nani anaogopa giza, na kama baba kweli anajua kuwasha jiko.

#54 Nahodha Kunduchi
Au Mbudya.

#55 Mtu wa Feri
Saa moja asubuhi.

#56 Baba Watatu
Nashukuruni wote. Hadi sasa: Jumamosi hii Pugu usiku mmoja. Ikienda vizuri, wiki ya kwanza ya Julai tunalala Korogwe kwa bibi, kisha Lushoto. Mama watoto amekubali kwa sababu kuna vyoo vya kueleweka. Mkubwa amenuna, anataka tembo, nimemwambia Mikumi ni ya Desemba.

#57 Dereva wa Semi
Desemba ni mvua na nyasi ndefu, IST ndiyo usahau kabisa.

#58 Bint Usambara
Aende Septemba likizo fupi. Pakavu, nyasi zimeisha, wanyama wako kwenye maji.

#59 Mzee wa Kariakoo
Kwa bibi mtalala siku moja tu?

#60 Baba Watatu
Mbili mzee, mbili. Swali la mwisho: Mikumi ikifika siku yake, getini wanapokea pesa taslimu?

#61 Mhasibu Ilala
Hapana. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, unarudi na risiti. Weka salio kabla hujafika, usitegemee kupata wakala pale Doma.

#62 Fundi Gerezani
Na upepo wa tairi la akiba. IST zinazosimama njia ile karibu zote zina tairi la akiba bapa, na jeki imebaki Dar.